Nilimdanganya Mama wa Muaither kuhusu mkungu wake

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii sijamwambia mtu, hata ninaolala nao chumba kimoja hapa Industrial Area hawaijui. Sitatia chumvi.

Mimi ni wa Malindi. Nafanya kazi ya bustani kwenye kampuni moja hapa Doha.

(Mnaodhani Doha ni mchanga mtupu, poleni. Joto likipungua tunapanda maua ya petunia mpaka mgongo unalia.)

Nyumba moja kwenye mtaa wa Muaither ilikuwa na mti mkubwa wa mkungu, ule ule wa kwetu Pwani. Baridi ikiingia, majani yanageuka mekundu kabla ya kuanguka.

Mwenye nyumba alikuwa mama mzee wa Kikatari, yuko kwenye wheelchair. Dirisha lake lilitazama mkungu. Kila nikishika fagio anagonga kioo: "Khallih!" Yaani acha, usiyafagie.

Basi nayaacha.

Mwaka jana, majani ndiyo kwanza yanaiva, akalazwa hospitali. Supavaiza akanipigia: mtoto wa mama ana wageni, anataka uwanja safi. Pogoa mkungu, fagia kila kitu.

Nilijua mama hatapenda. Ningempigia Grace, dada wa Kisii anayemhudumia, dakika moja tu. Sikupiga. Nilitaka kuwahi basi la kampuni.

Nikakata. Mifuko tisa ya majani mekundu, yote kwenye pipa la taka.

Siku tatu baadaye nimerudi kumwagilia petunia, Grace akanijia mbio.

"Kaka, umefanya nini? Mama amewasumbua madaktari wamrudishe aone majani yake. Wamekubali kwa sababu hawana tena cha kumfanyia."

Mama alikuwa dirishani. Akaniita, akaniuliza kwa Kiarabu chepesi ili nielewe, "Wekundu umeenda wapi?"

Nikasema, "Upepo, Mama. Ulivuma sana."

Akayatazama matawi, yamekatwa sawasawa, bado meupe kwenye kidonda.

"Upepo wa siku hizi una msumeno," akasema.

Halafu akamwambia Grace aniletee chai.

Wakuu, ile chai niliinywa nimesimama. Neno samahani lilikuwa mdomoni, nikalimeza nayo.

Nikajiambia nitamweleza wiki ijayo. Wiki ijayo nikakuta magari yamejaa mpaka barabarani, wanaume wamekaa matanga. Mama ameshazikwa.

Mwanawe akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Ahsante kwa kumtunzia mama bustani yake."

Hata yeye sikumwambia.

Nilichojifunza: bosi akikwambia kata, uliza kwanza ni mti wa nani. Na ukimkosea mgonjwa, usimpangie wiki ijayo.

Mliowahi kuchelewa kuomba radhi, mnaishije nayo? Hata wa kunitukana, karibuni. Nasoma zote.