Neno Alilolisema Mwanahawa Barazani

Mwanahawa binti Matano alikuwa na hoteli ya udongo nyuma ya soko la Iringa, mabenchi manne na sufuria mbili, moja ya ugali na moja ya maharage. Wateja wake walikuwa madereva wa malori, mafundi cherehani na matarishi wa Boma. Sahani ilikuwa thumuni. Aliapa mbele ya watu kwamba siku sahani yake itakapozidi thumuni, wamwite mwizi.

Bora asingeapa. Ulipofika mwaka wa hamsini na mbili kila kitu kilipanda. Sukari ilipanda, chumvi ikapanda, khanga zikapanda mpaka mama na binti wakawa wanavaa doti moja kwa zamu. Kiapo peke yake ndicho kilichobaki bei ile ile. Basi Mwanahawa akafanya kama wafanyavyo wenye hoteli wakibanwa: akazidisha maji.

"Bi Mwanahawa," alisema Bartholomeo, tarishi wa Boma, akikoroga sahani yake, "leo maharage yamesafiri?"

"Yamo. Piga mbizi."

"Nimepiga. Nimeyakuta mawili, na hata hayasalimiani."

Benchi zima likacheka. Mwanahawa naye alicheka, kwa meno tu.

Maharage hayo aliletewa na Matilda, Mhehe wa Kilolo, ambaye wote walimwita Mama Edmund. Ulikuwa mwaka wa tisa. Kila baada ya wiki mbili alishuka na lori la mbao, gunia moja na rozari shingoni, akakaa jikoni kwa Mwanahawa, akala, akapiga soga. Hata alipopandisha pishi kutoka shilingi hadi shilingi na thumuni, hakuzungukazunguka.

"Jembe la shilingi mbili sasa ni nne," alisema. "Na kodi ya kichwa ya Baba Edmund imeongezwa. Maharage ndiyo mfuko wangu, Bi Mwanahawa. Sina mwingine."

Mwanahawa alimwelewa. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, kwamba alimwelewa vizuri kabisa.

Mwezi wa sita Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa Boma, aliitisha baraza mbele ya Boma, asikie malalamiko ya bei. Wapo waliotaka serikali ipange bei ya chakula, wapo waliotaka iongeze mishahara. Mwalimu mmoja wa misheni akauliza kwa nini bei apangiwe anayelima na asipangiwe anayeuza majembe. Swali zuri; Bwana Shauri akamwita msemaji mwingine. Wanawake walikuwa wameketi pembeni kwenye nyasi. Ndipo Bartholomeo akasimama, akasema wezi wamo hata humu mjini, yuko mama anayeuza maji ya maharage kwa thumuni. Hakutaja jina. Kulikuwa na haja gani? Shingo mia tatu zilimgeukia Mwanahawa.

Uso ulimwaka. Angeweza kukaa kimya. Angeweza kusema maharage yamepanda kwa kuwa jembe limepanda na kodi imepanda; maneno alikuwa nayo yote, Matilda alimpa bure jikoni. Akasimama, akakaza mtandio.

"Waulizeni wanawake wa Kilolo," alisema. "Wanaficha maharage chini ya vitanda, wanangoja mji ulie njaa. Mimi nauza kile walichonibakishia."

Makofi yalipigwa, hata Bartholomeo alipiga. Bwana Shauri alimtaka mkalimani arudie, kisha akaandika. Mwanahawa alirudi nyumbani akitembea kama bibi harusi.

Wiki tatu baadaye amri ikatoka. Maharage yote ya upande wa Kilolo yasimamishwe pale Ipogolo, kabla ya kupanda kilima cha mji, yanunuliwe na watu wa Bwana Soko kwa shilingi moja pishi. Atakayepita bila kuuza, mali yake ichukuliwe. Na bei ya mjini ilishuka? Ilipanda zaidi, maana wengi waliacha kuleta. Barazani hakuna aliyefikiria kwamba mtu anaweza kukaa na maharage yake akayala.

Matilda hakuwa amesikia amri hiyo. Alishuka na gunia lake kama siku zote, dereva hakusimama Ipogolo, wakakamatwa kwenye mlango wa soko. Alieleza taratibu kwamba mzigo ni wa Bi Mwanahawa mwenye hoteli, na kwamba Bi Mwanahawa mwenyewe atamtolea ushahidi. Askari mmoja akaja kuuliza. Mwanahawa alikuwa anapakua, mabenchi yamejaa, Bartholomeo yuko pale pale pake.

"Kuna mwanamke wa Kilolo anasema wewe unamjua," alisema askari.

Mwanahawa aliona macho ya Bartholomeo yakipanda kutoka kwenye sahani.

"Wengi huniletea vitu," alijibu. "Nitawajuaje wote?"

Askari akaenda zake. Mwanahawa akaendelea kupakua, na sahani ya mtu wa tatu akaijaza mpaka mchuzi ukamwagika kwenye meza.

Wiki mbili zikapita, Matilda hakuja. Nne zikapita. Usingizi nao ukamkimbia. Mwishowe alimwachia hoteli dada yake Chiku, akadandia lori la mbao linalorudi. Njiani waliwapita wanaume wakiponda kokoto kando ya barabara. "Wameshindwa kodi hao," alisema dereva, akageuza usukani kukwepa shimo.

Matilda alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. "Kamwene, Bi Mwanahawa," alimsalimu kwa Kihehe, akamwekea kigoda, akampa maji ya kunawa. Kisha akaleta ugali na maharage, maharage mazito, mchuzi wake unashikamana na mwiko.

"Baba Edmund yuko wapi?" aliuliza Mwanahawa, ili aanzie mahali.

"Yuko barabarani. Nadhani umempita."

Mwanahawa aliliweka tonge chini. "Mama Edmund, siku ile ya baraza..."

"Tulisikia. Huku nako wapo waliokwenda." Matilda alisogeza bakuli karibu naye. "Na jibu lako askari aliniletea. Kula, yatapoa."

Matilda angetukana, Mwanahawa angejua pa kushika, matusi aliyaweza. Adabu ile hakuiweza. Alilala kwenye kitanda cha mwenyeji, na kabla hajajifunika aliinama kidogo akatazama chini yake. Palikuwa na jembe na viatu vya kanisani. Alijiona takataka kwa kule kuinama.

Asubuhi Matilda alimfungia kikapu cha maharage cha kurudi nacho. Mwanahawa alifungua kibindo.

"Rudisha pesa yako," alisema Matilda. "Hii ni ya mgeni. Mgeni hatoi kitu."

Miaka tisa, na hapo ndipo alipoitwa mgeni.

Pale Ipogolo lori lilisimamishwa. Wanawake sita wa Kilolo walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao mbele ya meza ya karani Timotheo. Karani alimtambua Mwanahawa juu ya mbao, akatabasamu.

"Mama, wewe pita tu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Si wewe uliyetusemea barazani?"

Wanawake wote sita waligeuka. Mwanahawa aliona kwamba akipita sasa, kila mwanamke wa Kilolo atajua kwamba hata amri iliyozaliwa na maneno yake haimgusi yeye mwenyewe. Alishuka, akasimama nyuma ya wa mwisho. Aliyekuwa mbele yake alisogeza kikapu chake mbali kidogo, kama mtu anayekwepa tope. Zamu yake ilipofika, akaweka kikapu mezani.

"Pima."

"Mama, kikapu kimoja hiki, mboga ya nyumbani..."

"Pima kama ulivyowapimia hawa. Na uandike kwamba barazani nilisema uongo. Sikuwa nimefika Kilolo hata siku moja mpaka jana. Vitanda vyao nilikuwa sijaviona."

Timotheo alitazama daftari lake, akalitazama tena, kama kwamba huenda pana nafasi.

"Hilo halina mahali pa kuandikwa, Mama. Hapa pana jina na pishi ngapi."

"Basi ataje jina tuendelee," alisema mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja pesa yake. "Sisi twarudi mbali."

Mwanahawa akataja jina lake. Alilazimika kulitaja mara ya pili, maana mara ya kwanza karani hakulisikia.