Mtambo wa Kuvuta Tembo

Juzi fundi wa AC alikuja kwangu hapa Al Qusais, Dubai, kujaza gesi. Kabla ya gesi alifunga pampu ndogo ya kuvuta hewa, akaiwasha, na ile harufu ya mafuta ya moto ikanijaa puani. Pampu ilianza kwa kelele za kukoroga, kisha sauti ikakauka, ikawa nyembamba. "Imeshika," nikasema. Kijana wa watu akanitazama: "Madam, umejuaje?" Nikamwambia baba yangu alikuwa fundi wa pampu, kisha nikaingia jikoni nikalia mpaka gesi ikajaa. Mtanisamehe, ndivyo nilivyo. Nikiguswa, hata mbele ya wageni siwezi kujizuia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Karama, chumba kimoja, jiko tukichangia na familia mbili. Mama alilea watoto wa madam mmoja. Baba alitengeneza pampu za kuvuta hewa kwenye karakana moja ya huku huku Al Qusais: za mafundi wa AC, za viwanda vya kupakia nyama, hata za kukamulia ngamia. Mikono yake ilinuka mafuta hata akienda harusini.

Kwetu Kaloleni, pwani, alikuwepo babu, baba yake baba, mgema. Asubuhi na jioni alipanda minazi, akaipunguza ncha ya karara, yaani kile kifuko cha maua ya mnazi ambayo hayajafunguka, na kukinga tembo, ile pombe ya mnazi, kwenye kibuyu. Mama alinionya mapema: "Shuleni wakikuuliza babu yako anauza nini, sema siki. Hapa Dubai usinitajie tembo." Basi darasa zima likajua babu yangu ni tajiri wa siki.

Lakini babu alikuwa amezeeka, magoti yanatetemeka. Kila Ijumaa kwenye simu baba alikuwa na wimbo mmoja: "Mzee, shuka minazini. Utaanguka." Naye hujibu: "Nikishuka nitakuwa nani?" Baba akimaliza kuongea hubaki ameshika simu. Aliogopa. Hata mimi mtoto niliona kwamba alikuwa akiogopa siku moja atapigiwa simu ya msiba.

Siku moja akaona video ya nchi ya theluji, ambako watu hutoboa miti, wakaunganisha mipira kama ya maji mti kwa mti, na pampu moja kibandani huvuta utomvu wote mpaka kwenye pipa. Wakiuchemsha unakuwa mzito kama asali. "Njooni muone!" alituita. "Hakuna mtu juu! Hata mmoja!" Video yenyewe aliirudia mpaka Mama akamnyang'anya simu.

Kuanzia hapo chumba chetu kikageuka karakana. Arbab wake, yaani tajiri wa karakana, alimwambia, "Khalas, basi, chukua yoyote kwenye zile kuukuu," na baba akachagua pampu kama anachagua mchumba. Ya kwanza ilikuwa ya mafuta. Tuliijaribu kwa maji ya sukari. Unyevu ukaingia kwenye mafuta, yakawa meupe kama chai ya maziwa. Akairudisha. Ya pili ilizungusha maji tumboni mwake, haikuogopa unyevu, ila ilitaka maji safi kila wakati. "Shangazi yako kule kwa babu abebe ndoo kichwani ainyweshe pampu? Thubutu!" Ya tatu ilikuwa kavu, ina kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka. Nguvu zake kidogo, lakini haitaki mafuta wala maji, na babu angeweza kuifungua kwa spana moja. Hiyo ndiyo aliyoichukua.

Tuliifanyia majaribio ngazini, ghorofa tatu. Juu tuliweka ndoo, maji ya sukari yakidondoka kwenye mpira mwembamba. Chini ilikaa pampu, na kabla ya pampu chupa kubwa ya kioo ya kunasa povu. Kazi yangu ilikuwa kuichunga chupa, povu likifika kwenye alama nipige kelele. Nikamwuliza, "Baba, si yatateremka yenyewe?" Akasema yatateremka, lakini tone kwa tone, yatalala ndani ya mpira na kuchacha njiani, pampu itayafikisha yakiwa matamu. Kuhusu kukata karara, wangepanda vijana wa jirani, wenye magoti yao. Babu angekaa chini na pipa lake, angali mgema. Jirani yetu mmoja, dada wa Kitanzania, akapita na ndoo ya nguo: "Shemeji, unalinyonya jengo? Liache bwana, twalala humu!" Tulicheka mpaka baba akakaa kwenye ngazi. Sikumbuki kumwona tena akicheka vile.

Mtambo ukasafirishwa kwa meli. Siku ulipofika baba aliongea na babu kwa kirefu, mimi nikiwa mapajani mwake. Wala sikusikiliza, nilikuwa nangoja zamu yangu.

"Babu, mtambo unavuta?"

"Bado, mke wangu." Kwetu babu na mjukuu hutaniana hivyo, mume na mke.

Ijumaa iliyofuata nikauliza tena, bado. Ijumaa ya tatu baba alikuwa ametoka mlangoni kusalimiana na mtu, simu ikawa yangu peke yangu. Nikasema, kwa ulimi wangu huu: "Baba amehangaika miezi na mtambo wako, na wewe huutaki. Humpendi baba."

Babu akasema, "Usiseme hivyo, mke wangu. Nitaufunga."

Jumapili asubuhi shangazi, dada yake baba anayekaa na babu, akapiga simu. Babu alipanda mnazi na mpira begani, akaufunge mwenyewe. Alianguka. Hakufika hospitali.

Watu walikuja kutupa pole, wa Karama na wa Muhaisnah, wengine na sare zao za kazi. Kila aliyeuliza ilikuwaje, baba alimjibu: "Mimi ndiye niliyemwambia apande." Aliyasema hayo kwa kila aliyeingia, na akayasema Kaloleni alipokwenda kuzika.

Nami nikamwamini. Maneno yangu ya Ijumaa sijui niliyafukia wapi. Nilipofika miaka kumi na minne, tukigombana kwa jambo la kipuuzi, ruhusa ya kwenda kwa rafiki, nikamwambia baba usoni: "Wewe ndiye uliyemuua babu." Mama akanizaba kofi. Baba akasema, "Mwache. Ni kweli."

Mwaka juzi nilikwenda Kaloleni. Tulikuwa tunachagua mchele, mimi na shangazi, akaanza bila kuniangalia.

"Baba yako alimkataza. Alimwambia asiuguse mtambo mpaka yeye aje likizo, wapande vijana. Na babu alikuwa ameshaacha kupanda miezi mitatu kabla. Aliwaficha tu, aliona haya. Asubuhi ile nikamwuliza, waenda wapi na huo mpira? Akaniambia, 'Mke wangu wa Dubai anasema simpendi mwanangu.' Nilimweleza baba yako siku ile ile. Akanisihi nisikwambie kamwe. Mwanangu, nimechoka kukaa na neno hili."

Jamani, mchele ulinimwagikia. Miaka yote ile nilimwona baba akibeba kosa, nikadhani ni lake. Lilikuwa langu. Alinikinga nalo nikiwa na miaka tisa, na nilipomtupia usoni nikiwa na kumi na minne, alilipokea tena, akakubali hata nimchukie.

Baba alikuwa ameshaacha kazi Dubai, amerudi kuishi Kaloleni. Siku ile alikuwa kibarazani, anasikiliza redio. Nilimpigia magoti.

"Baba, ni mimi niliyemwambia babu. Shangazi amenieleza yote."

Alizima redio.

"Shangazi yako amezeeka," akasema, "anachanganya mambo."

"Baba, nakumbuka. Nakumbuka nilivyosema."

"Ulikuwa mtoto, utakumbuka nini? Mimi ndiye niliyemwambia apande. Inuka, mama, unachafua nguo."