Chetezo Kilipompita Baba Mkubwa

Katika mtaa wetu wa Waislamu wa Gisenyi, chetezo cha udi huzungushwa kabla ya dhikri, na anayepelekewa kwanza ndiye atakayeanzisha wimbo. Hakuna tangazo jingine. Kwa miaka mingi kilikwenda moja kwa moja kwa baba yangu mkubwa, fundi cherehani, ambaye sauti yake ilikuja taratibu kama ukungu wa ziwani: unashtukia tu umekwisha kukufikia.

Ijumaa moja kikampita. Kikampita na Ijumaa iliyofuata.

Sababu tuliijua sote. Mzungu aliyefikia hoteli ya ufukweni alikuwa amemwita, akamketisha mbele ya mashine ya kunasa sauti, amwimbie kasida zetu ili azipeleke Ulaya, zikasikilizwe na watu wa huko. Baba mkubwa alikwenda peke yake. Hilo la peke yake ndilo lililowakwama watu kooni.

"Anaimbia muzungu jina ya Mungu kama mutu wa baa," alisema muuza vitambaa, jirani ya cherehani yake.

"Na ile mashine labda iko ya mapadri," akajibu dereva wa lori. "Utaona, tutamusikia kanisani."

Mimi nami nilishuku. Nilikuwa karani wa duka, nikijua Kifaransa, na hakuniomba nikamfasirie; alimtumia mpishi wa hoteli. Kwa nini? Nilifika hadi kunusa kanzu yake iliyoanikwa, nikitafuta harufu ya sigara ya kizungu. Ilinukia sabuni.

Mwishowe khalifa wetu, kiongozi wa halaka, akaamuru mashine iletwe uani kwetu tuisikie wenyewe. Mzungu akaja baada ya alasiri, akavuta waya kutoka kwenye betri ya gari lake. Mfukoni alichomeka mkasi mdogo wa kukatia utepe wa kunasia sauti. Bibi yangu, kwa kutomwamini mgeni, aliyachukua mabirika yake yote akayaingiza ndani.

Sauti ikatoka. Iliimba ubeti wa kwanza, kisha ikanyamaza. Ubeti wa pili, kimya tena, kirefu, upepo tu. Mzungu akajikuna shingo. Katika kimya cha tatu dereva wa lori, bila kukusudia, akaitikia: "Allahu!" Cha nne tuliitikia wote, na sauti ikaingia pale pale tulipoishia, kama mtu aliyekuwa akitusubiri mlangoni.

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Kumbe ulituachia nafasi," muuza vitambaa akasema. "Mbona haukusema, muzee? Si ungetuita?"

"Mungekuja? We ungesema naenda kubatizwa."

Watu wakacheka, lakini kicheko kifupi. Mzungu, akidhani mambo yamekwisha, akanieleza jambo kwa furaha. Nililifasiri: "Anaomba radhi kwa vile vimya. Atavikata vyote, watu wa Ulaya wasidhani mashine imeharibika."

"Avikate?" Dereva akasimama. "Donc, basi, atukate sisi!"

Baba mkubwa akaweka kiganja juu ya mashine, polepole, kama anavyotuliza kitambaa kinachoteleza. "Umwambie aanze upya. Na nyinyi mukae."

Mzungu alilalamika kwamba dereva ana kikohozi, kitaharibu kazi.

"Umwambie kikohozi nacho kinaenda Ulaya."

Khalifa akaagiza makaa. Moshi ukapanda, na chetezo kikatoka mkononi mwake, kikampita muuza vitambaa, kikanipita mimi, kikasimama mbele ya baba mkubwa. Akauvuta udi kifuani, akafumba macho. Tukasubiri. Utepe ulikuwa tayari unazunguka.

Hakuanza. Alifumbua jicho moja, akalielekeza mfukoni mwa mzungu, kisha akamnyooshea kiganja kilicho wazi.

Mzungu hakuelewa, akanigeukia.

"Mkasi," nikamfasiria.