Mashine ya Kona na Dada Yake Fundi

Ukitaka kumuudhi yule fundi, mwambie unatafuta jakpoti kisha umkonyeze jicho. Atanuna hapo hapo. Maana kila aliyemfahamu, kuanzia kinyozi wake hadi mama mkwe, alishamkonyeza. Wote waliamini kwamba mtu anayeshika funguo za mashine za kasino anajua ipi itatapika na lini, ila roho mbaya tu ndiyo inamfunga mdomo. Jamani! Angekuwa anajua, angekuwa bado anatembelea viatu vilivyobandikwa soli mara tatu? Hilo hawakujiuliza.

Kazi yake ilikuwa ya kupiga magoti. Asubuhi, kabla wateja hawajajaa, alipita kwenye ule ukumbi usio na dirisha hata moja, akifungua mashine, akifuta vumbi kwenye feni, akichomoa noti zilizokwama, akibadilisha vitufe vilivyochoka kubonyezwa. Ukutani kulikuwa na bango la taa lenye tarakimu za jakpoti. Zilipanda mchana kutwa, zikilishwa na mashine za kumbi nyingi, za mji ule na za miji mingine. Kila mtu akibonyeza, kipande kidogo cha hela yake kinapanda kwenye bango. Ukiona tarakimu zimenenepa, ujue kuna watu wamekonda.

Waliomuuliza aliwapa mfano wa mchele. Chukua magunia, jaza mchele chumba kizima mpaka darini. Humo tupia punje moja tu iliyopakwa rangi. Fumba macho, chota punje moja. Umekosa? Irudishe, koroga chumba chote upya, chota tena.

"Mashine haijui umekaa hapo tangu asubuhi," alikuwa akiwaambia. "Haijui hata kama ulikosa. Kila ukibonyeza, ndiyo kwanza inakuona."

Watu walisikiliza, wakaitikia kwa kichwa, halafu wakamsogelea. "Sawa, fundi. Lakini kati yetu sisi, ni ipi?"

Sugu kuliko wote alikuwa dada yake mkubwa. Na huyu hakuwa mtu wa kupuuzwa. Ndiye aliyemsomesha huo ufundi kwa hela za kusuka, vidole vikimvimba, akiwa bado msichana. Baadaye akafungua saluni yake, ndogo lakini inang'aa, na wanawake walikuwa tayari kupanga foleni kusubiri mkono wake. Mwanzo alipita kasino mara moja moja akitoka kazini. Kisha akawa anafunga mapema. Kisha wasichana wake wa kazi wakawa wanafungua wenyewe na kufunga wenyewe. Mashine za kukaushia nywele zikaanza kuondoka saluni moja moja, na kila aliyeuliza aliambiwa zimeharibika, ziko kwa fundi. Fundi gani? Fundi mwenyewe hakuwahi kuziona.

Kasino ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: ndugu wa mfanyakazi hachezi humo. Fundi alijua, dada alijua, lakini pale ukumbini hakuna aliyejua kwamba wale wawili wamenyonya ziwa moja. Fundi alinyamaza. Utamtoaje kwa aibu mtu aliyekununulia daftari zako za kwanza? Akawa anampita kama hamjui, roho inamuuma, bisibisi mkononi.

Basi siku moja taa ndogo ya mashine ya kona iliungua. Fundi akaifungua, akabadilisha taa, akafunga. Kitu cha kawaida kabisa. Lakini parafujo moja ilikuwa na kutu ikamsumbua, akachelewa kidogo, na dada yake alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka hapo, macho yamemtoka.

Jioni hiyo dada alimfuata nyumbani. "Ile ya kona. Umeifanya nini?"

"Nimebadilisha taa, dada."

"Taa! Mtu mzima na akili zako ukae pale muda wote ule kwa ajili ya taa?"

"Parafujo ilikuwa na kutu."

Dada akacheka mpaka akajipiga paja. "Haya bwana. Kutu. Nimekuelewa, mdogo wangu, wala usiseme zaidi." Akaondoka akiwa na furaha ambayo fundi alikuwa hajaiona usoni mwake siku nyingi, na furaha hiyo ndiyo iliyomtia hofu.

Wiki haikuisha. Mama yao akapiga simu asubuhi, analia. "Mwanangu, dada yako kauza saluni. Kauza yote, mpaka masinki ya kuoshea nywele. Nimepita pale nimekuta watu wengine wanapaka rangi ukuta. Yuko huko kwenu na hela zote kwenye mkoba. Mtoe, mwanangu. Mtoe hata kwa kumburuta."

Fundi akatoka mbio stoo kwake mpaka ukumbini. Alimkuta kwenye mashine ya kona, ameiinamia kama mtu anayemlisha mtoto. Fundi akaacha kujifanya hamjui, akainama sikioni kwake.

"Dada, twende nyumbani. Nakuomba. Ile ilikuwa taa tu."

"Usinizibie riziki."

"Hakuna riziki hapa. Nakuapia kwa Mungu sijui kitu."

Hapo dada akageuka, akamtazama vizuri. "Nilipokuwa nakusomesha nilikuficha kitu? Nilikuambia sina? Leo wewe unacho, unanificha. Sikujua nimemlea mchoyo."

Neno hilo lilimchoma fundi, tena lilimchoma palepale pabaya. Alibaki amesimama, vidole vya dada yake vinabonyeza, bango linapanda. Halafu akaenda ofisini kwa meneja akasema, "Yule mama wa kona ni dada yangu, tumbo moja. Nilitakiwa kusema zamani."

Walinzi wawili wakamtoa dada. Hakupigwa wala kusukumwa, lakini alipitishwa katikati ya ukumbi mbele ya wanawake aliowahi kuwasuka. Hakutukana. Mkoba wake ulikuwa bado umejaa zaidi ya nusu, na fundi, aliyeponea chupuchupu kufukuzwa kazi, alijifariji kwa huo mkoba. Nusu ya saluni ni saluni, alijiambia. Ataanza tena, hata kwa kiti kimoja.

Keshokutwa yake mashine ya kona ikapiga kengele.

Aliyeshinda alikuwa mwalimu mstaafu aliyeingia kupumzisha miguu akimsubiri mwanawe amalize shughuli zake mjini. Alikuwa hajawahi kukaa mbele ya mashine maishani mwake. Fundi ndiye aliyeitwa kuifungua, kukagua kama lakiri haijaguswa na bodi iko salama. Alijua vizuri kabisa kwamba dada angebaki pale angebonyeza kwa sekunde nyingine, angechota punje nyingine, mashine haikuwa na deni naye. Alijua kama anavyojua jina lake. Lakini loo, kazi aliimalizia amekaa sakafuni.

Jumapili dada alikuja kwake pamoja na mama yao. Fundi alijiandaa kwa matusi, hata kwa makofi, na aliona ni haki yake. Dada akamkumbatia.

"Nimekusamehe," akasema, machozi yanamtoka na anacheka. "Kweli nimekusamehe. Nilikuwa naanza kujiona nina wazimu, unajua? Nilikuwa nalala nasema labda mdogo wangu anasema kweli, labda ni taa tu. Sasa nimejua. Umefungua, imetoa."

"Dada, ni bahati. Nimefungua mashine zote zile, mwaka mzima, ngapi zimetoa?"

"Endelea na mchele wako," dada akasema, akimpangusa shavu kama zamani. "Najua wanakubana kazini. Sikulaumu."

Fundi akaeleza tena. Akaeleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza, jasho linamtoka, na dada akawa anaitikia kwa upole, jinsi mtu anavyomwitikia mgonjwa. Mwishowe fundi akamgeukia mama yao, aliyekuwa amekaa pembeni tangu walipoingia. Huyu walau aliona saluni inapakwa rangi ya watu wengine. Huyu ndiye aliyelia kwenye simu.

"Mama, mwambie wewe. Wewe atakusikia."

Mama akainuka, akaenda kufunga mlango ili majirani wasisikie. Akarudi akakaa karibu na mwanawe, akamshika mkono, na alipoongea ilikuwa kwa kunong'ona.

"Mwanangu, mimi pale hawanijui sura. Wiki hii umefungua ipi?"