Baba Mkwe na Kamera ya Nyuma

Mume wangu alichomoa redio ya gari kwa mwiko wangu wa ugali. Alisema plastiki za dashibodi hazitaki chuma, zinataka mti laini, na nyumba nzima haikuwa na mti uliolainika kama ule mwiko. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, maji yanachemka jikoni, unga uko tayari. Nikamwuliza, kwa ule upole ninaoutumia darasani kabla ya kuanza kugomba, kama siku hizi gari nalo linakula ugali. Hakunisikia. Kichwa kilikuwa ndani ya tundu ilipokuwa redio, na miguu ilikuwa nje ya mlango inanyeshewa na mvua ya Tukuyu.

"Ipo!" akapiga kelele kutoka humo ndani. "Mke wangu, soketi ipo!"

Gari letu ni la Kijapani, lilikuja likiwa limeshatumika huko lilikotoka, na ni toleo la chini. Maana yake ni kwamba kiwanda kilitengeneza gari moja, kisha wenye uwezo wakawekewa kamera ya nyuma, na sisi tukawekewa vipande vya plastiki mahali vitufe vilipotakiwa kuwa. Mume wangu aliviita vitufe bubu, na vilimuuma. Anafanya kazi maabara, hapendi kuona chombo ambacho hakitumiki kikamilifu. Siku ile alipoona nyuma ya redio kuna soketi tupu inayosubiri waya, alifurahi kama aliyeambiwa ana ndugu asiyemjua. Gari lilizaliwa na mshipa wa kamera, alinieleza mezani huku anakula ugali uliosongwa kwa kijiko cha kupakulia. Lilinyimwa jicho tu. Kiwanda chenyewe kilikusudia.

Tangu siku hiyo neno kiwanda likahamia kwetu. Hakutaka kamera za kubandika zinazouzwa madukani. Alitaka ile ile ya kiwandani, ya gari la aina ile ile, na akaipata Mbeya kwa wauza vipuri, imetolewa kwenye gari lililogongwa mbele, nyuma zima. Aliileta imefungwa kwenye taulo.

Sababu yake, niseme haki, ilikuwa njema. Nyumba yetu iko Ibighi, chini ya barabara, na uwanja wetu ni mwembamba hauna pa kugeuzia gari. Ukiingia kwa mbele, utatoka kwa nyuma, unapanda mlima, kushoto una mtaro wa maji ya mvua na kulia una migomba. Anayeendesha zaidi ni mimi, kwa sababu shule ninayofundisha iko mbali, upande wa Masoko, na yeye kazini kwake anakwenda kwa miguu. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mume wangu aliamua gari la mke wake halitakuwa nyani.

Alichosahau ni kwamba kamera ya nyuma tulikuwa nayo. Ilikuwa baba yake.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu mimi mwenyewe nililielewa kwa shida. Nimetoka Singida. Kwetu baba mkwe unamheshimu, lakini unamwona. Huku kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hamtaji jina, wala hapiti mbele yake. Wenyewe wanasema anamwogopa. Siku ya harusi wifi yangu alinivuta chumbani na kunifundisha jinsi ya kumwogopa, na mimi nikacheka, nikafikiri ananitania. Vijana wa mjini wengi wameshaliacha hilo. Baba mkwe wangu si kijana wa mjini. Mama mkwe alipofariki, mume wangu alimtoa baba yake kijijini Masoko; mzee akamwacha mtu wa kutunza kahawa, akaja kukaa kwetu katika chumba cha uani chenye mlango wake mwenyewe. Alikuja na gambuti, fimbo, na machipukizi ya migomba ambayo aliyapanda pale pale kando ya njia ya gari. Kwa hiyo nusu ya ugumu wa kutoka nyumbani kwetu aliipanda yeye.

Tuliishi kwa kukohoa. Akitaka kwenda msalani anakohoa, mimi narudi jikoni. Nikitaka kwenda kuanika nguo nakohoa, yeye anageukia ukuta. Chakula nilikiweka kwenye kigoda mlangoni kwake, nakohoa, naondoka. Mgeni angedhani nyumba nzima ina kifua. Katika miaka yote hiyo baba mkwe nilimjua kwa gambuti zake, ncha ya fimbo yake na sauti yake. Sura sikuwa naijua. Picha yake ya harusi yetu ipo, lakini kaangalia chini, na mimi nimeangalia chini, utadhani sote wawili tumedondosha kitu.

Sauti ndiyo ilikuwa shida, maana hatukupaswa kuzungumza ovyo, na mzee yule ni mtu wa maneno. Akagundua njia. Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa natoka kwa nyuma, tairi likawa linaelekea mtaroni, nikasikia fimbo inagonga buti la gari, kisha sauti: "Gali! Simama!"

Hakuniambia mimi. Aliliambia gari. Kinyakyusa hakina r, kwa hiyo mpaka leo gari letu linaitwa Gali. "Gali, njoo. Njoo. Kata kulia kidogo. Hapo hapo, usiguse mgomba wangu." Nikatoka salama. Kioo cha ndani nilikuwa nimekielekeza darini, adabu yangu nimeitunza. Juu barabarani nikapiga honi mara moja, kushukuru.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuongea, mimi na baba mkwe wangu. Kila asubuhi yeye nyuma ya gari, mimi ndani, bati na kioo katikati yetu. Mwanzoni yalikuwa maelekezo tu. Baadaye Gali akaanza kupewa habari. "Gali, leo mvua italudi mchana, chukua mwavuli." "Gali, mahalage ya jana yalikuwa mazuli, lakini chumvi ilikuja na ukoo wake wote." Honi moja ilikuwa ndiyo, au asante. Honi mbili zilikuwa hapana. Kuhusu chumvi nilipiga mbili. Akacheka mpaka akashikilia gari, nikalisikia likitikisika. Siku nyingine, kabla ya kuniruhusu kupanda, alisema, "Gali, leo nimemwota mama yao." Sikujua hiyo ni honi ngapi. Nikapiga moja, ndefu, taratibu. Majirani walidhani nina haraka ya kwenda kazini.

Sasa mume wangu na kamera yake. Jumamosi moja alifungua ngozi yote ya gari. Alipitisha waya chini ya zulia, akaupitisha kwenye mpira wa mlango wa nyuma, akaomba umeme kwenye taa ya kurudi nyuma. Akiunganisha waya hutoa ulimi na kuuma ncha yake pembeni, hana habari. Nilimwambia siku moja ataufunga ulimi humo kwa utepe. Mara ya kwanza kujaribu, mwanamke wa Kijapani akatusalimia kutoka kwenye redio kwa heshima kubwa na hakuna kilichoonekana. Mara ya pili picha ikaja, lakini imegeuka, mtaro uko kulia na migomba iko kushoto. Akaniambia nizoee tu, niwe nawaza kinyume. Nikamwambia nimeolewa naye, kuwaza kinyume nimeshazoea, ila gari halijaolewa. Akachomeka kidude chini ya usukani, akakaa na simu yake akibonyeza menyu ambazo hakuna anayezielewa, na jioni picha ikageuka ikakaa sawa, na mistari ya kijani, njano na nyekundu juu yake. Ya kiwandani kabisa. Alinikumbatia. Nami nilimpongeza, alistahili.

Baba mkwe alikuwa amesimama pembeni kwake, gambuti naziona. Mwanawe akamweleza kwa furaha kwamba sasa hahitaji tena kutoka kwenye baridi asubuhi, gari linaona lenyewe.

"Linaona lenyewe," mzee akasema. "Ndaga." Asante. Akaingia chumbani, mlango ukafungwa.

Jumatatu nilipotoka hakuna fimbo iliyogonga. Kwenye kioo kidogo cha redio niliona mtaro, migomba, na mahali alipokuwa akisimama. Nilifika juu bila shida yoyote. Nikapiga honi moja kwa mazoea, ikabaki hewani. Jumanne hivyo hivyo. Wiki hiyo chakula kwenye kigoda kikaanza kurudi nusu. Niliongeza chumvi makusudi nione kama atalalamika. Hakulalamika. Mume wangu alisema ni baridi, wazee hawapendi kula wakati wa baridi. Nilimpenda mume wangu siku hiyo na nilitamani kumpiga na mwiko. Niliumia. Nilikuwa na hamu na mtu ambaye sikuwahi kumwona, na sikuweza kwenda kumwambia, maana ningekwenda na mdomo gani? Ningekohoa tu.

Kisha kamera ikaanza kuugua. Asubuhi moja niliingiza gia ya nyuma, kioo kikawa cheusi. Mume wangu akakagua, akakuta tope. Akafuta. Kesho yake tena tope. Alitoa maelezo ya kitaalamu kuhusu mvua, mteremko na jinsi tairi linavyorusha. Nikamwuliza tairi gani linarusha tope wakati gari limelala. Akasema upepo. Msomi mzima.

Siku niliyojua ukweli ilikuwa ya mvua kubwa, ile inayopiga mabati mpaka hata ukipiga kelele hujisikii. Nilikuwa nimewahi kuingia ndani ya gari, nimewasha, nimeingiza gia ya nyuma, mguu kwenye breki, nikawa natafuta mwavuli chini ya kiti. Nilipoinua kichwa, nikamwona.

Alikuwa amejaa kioo kizima cha redio. Mzee mwenye uso mdogo kuliko sauti yake, kofia ya sufu imelowa, mistari ya kijani na njano imempita mashavuni na ule mwekundu uko kwenye kidevu. Alikuwa ameinama, anapima, dole gumba lina tope. Na ulimi ulikuwa nje, ameuma ncha yake pembeni, vile vile kama mwanawe anapounganisha waya. Nilijua napaswa kufumba macho. Sikufumba. Nilimtazama baba wa mume wangu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na machozi yakanitoka kabla sijajua nacheka au nalia. Dole gumba likakua, likakua, kioo kikawa giza.

Bila shaka hapo ndipo alipohisi bati linatetemeka kwa injini, maana fimbo ikagonga buti.

"Gali," akasema, kwa sauti ya kushindana na mvua. "Naona lile jicho lako limeingia tope."

Honi moja.

"Pole. Ni hii mvua. Basi usiogope, mimi nipo. Njoo." Nikaachia breki kidogo, naye akasema, "Ngoja kwanza." Nikakanyaga breki tena. "Gali, leo sijasikia mlango kufungwa. Ulikuwa humo tangu muda?"

Honi moja.

Mvua ikaendelea kupiga. Nilijua swali linalofuata kabla hajaliuliza, na nilijua kwamba honi mbili zingemaliza kila kitu, heshima yake ingebaki na yangu ingebaki.

"Umeniona?"

Nikapiga moja.

Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno, ambayo sikuwa na ruhusa ya kuyasema, ndipo kiganja chake kikapapasa kioo cha nyuma kwa nje, kwenye ukungu, mara moja tu.

"Haya," akasema. "Njoo basi, mwanangu. Njoo, njoo. Mtalo uko mbali."

Nikapanda polepole, sioni kitu mbele wala nyuma, naifuata sauti tu. Juu barabarani nilisimama kujifuta uso kabla ya kwenda kufundisha watoto wa watu.

Jioni sahani ilirudi tupu. Mume wangu naye alirudi na pamba na spiriti, akalisafisha jicho, akanieleza kwamba matoleo ya juu huwa na kibomba kidogo kinachorusha maji kwenye kamera, na kwamba akichungulia vizuri huenda njia ya kile kibomba ipo tayari, kiwanda kilikusudia. Nikamwambia ni wazo zuri. Kisha nikaenda jikoni nikauficha mwiko.

Kesho yake kioo kilikuwa cheusi na mimi nilikuwa Gali tena. Aliniambia nichukue mwavuli.