Deki Haijakauka

Kamusi ya Kiingereza niliyonunua kwa mmachinga pale Nyamagana inasema deki ni sakafu ya meli, na kwamba Waingereza nao waliliazima neno hilo kwa Waholanzi, ambao kwao lilikuwa kifuniko tu, au paa. Sawa. Haisemi kwamba kwetu deki ni maji, tambara na mgongo wa mama yangu.

Baba alikuwa baharia katika meli za ziwani. Yeye ndiye aliyemfundisha mama: unaanzia kona ya mbali, unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, halafu unasimama hapo na tambara lako mpaka pakauke. Hapiti mtu. Melini hata nahodha alisubiri. Nyumbani kwetu Mkuyuni wageni walisubiri nje, na hakuna aliyenuna.

Miaka ile ya tisini baba akapunguzwa kazini. Mimi nilikuwa kibarua tu, siku samaki wakipatikana, kwa hiyo nyumba nzima ilikula kwa deki ya mama katika kiwanda cha samaki. Kiwanda kilikuwa kimenunuliwa na watu wapya, wakaleta meneja mpya. Msije mkasingizia wazungu. Alikuwa mtu wa kanda hii hii, kijana mwenye tai, asiyejua hata kumwamkia mtu mzima.

Asubuhi moja nilikuwa nakata minofu ya sangara chumba cha pili, nikasikia sauti ya mama kutoka ofisi ya meneja.

"Bosi, subiri kidogo, deki haijakauka."

"Ofisi ni yangu, mama. Nisubiri nini?"

Kisha kishindo. Nilipofika mlangoni, kisu bado mkononi, bwana mkubwa alikuwa chali, soli zinatazama dari. Aliinuka, akaketi mezani pake. Alimfukuza mama kazi pale pale, mbele yetu wote, kama anayefukuza nzi. Nikainua mguu kuvuka kizingiti. Mama akanitazama, akatikisa kichwa.

Akachovya tambara, akaanza upya. Alianzia kwenye meza ya yule bwana, akafuta alama za viatu vyake, kinyumenyume mpaka mlangoni. Akasimama.

"Haijakauka," alisema.

Karani akamwita meneja akapokee simu chumba cha nje. Yule bwana akatazama sakafu, akatazama viatu vyake, akabaki kitini. Alikaa hivyo mpaka sakafu ikakauka yote, ndipo mama akaweka ndoo chini na kuondoka.

Watu hukicheka kisa hiki. Mimi sicheki. Kumbe kusubiri alikuwa anaweza.