Pua Aliyoijua Mama

Kabla yeye hajafika mlangoni, pua yake ilikuwa imekwisha kufika. Ilipiga mluzi mwembamba kila alipovuta pumzi, na ukazidi alipopanda ngazi, hata wenzake katika kiwanda cha kufulia nguo wakambandika jina la Filimbi. Msimamizi wao, mtu asiyependa utani kazini, naye alilizoea, akawa anamwita hivyo mbele ya wageni. Mwenyewe hakuchukia. Alikuwa mpiga pasi wa mashuka ya mahoteli, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, hana mume, hana mtoto, na jina lile lilikuwa limempatia mahali pake kati ya watu.

Mluzi ule ulitoka mbali. Utotoni alisimama karibu mno na mama yake aliyekuwa akisukuma pampu ya maji. Mkono wa chuma ukamponyoka mama, ukaruka juu, ukamkuta mtoto usoni. Hospitali ilikuwa mbali, na hofu haikumpa mama nafasi ya kufikiri. Aliishika pua iliyokuwa ikichuruzika damu kwa vidole vyake mwenyewe, akainyoosha kadiri alivyojua, akaifunga kwa kitambaa. Ilipona kama ilivyotaka yenyewe: imelalia kushoto, na mgongoni pake pana kinundu kigumu, kadiri ya punje ya hindi.

Tangu hapo mama hakuwahi kumsalimia mwanawe huyu bila kuigusa pua ile. Kidole gumba kilianzia katikati ya nyusi, kikapanda kinundu, kikashuka upande wa pili na kufuata mpindo mpaka nchani. "Hapa ndipo mkono wangu ulipopita," angesema. "Pole, mwanangu." Msichana alipokua aliona haya kushikwashikwa uso mbele ya watu, na alipokuwa mtu mzima haya ikamtoka.

Baadaye presha ya macho ikamzimia mama nuru yote, na kumbukumbu nayo ikaanza kumtoroka. Kaka mkubwa, ambaye mama aliishi kwake, akawa anaitwa kwa jina la mjomba aliyekwisha kufariki. Mke wa kaka akaulizwa kila asubuhi ametumwa na nani. Filimbi peke yake hakupotea. Mama aliusikia mluzi koridoni, akakaa sawa kitini, akasema, "Huyo anakuja," kisha akanyoosha mkono kuhakikisha.

"Sisi tunaoogesha na kulisha hatujulikani," wifi yake alilalamika siku moja, nusu kwa utani. "Wewe unakuja na miluzi yako, unapokewa kama bibi harusi."

"Ukiitaka pua hii, wifi, nakuachia."

"Na mluzi wake niupeleke wapi? Mume wangu atadhani birika limechemka, aanze kutafuta kikombe."

Walicheka wote watatu. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote, ingawa kichekesho chenyewe kilikuwa kimempita.

Lakini pua iliyompa heshima kwa mama yake ilikuwa ikimnyima usingizi. Tundu la kushoto lilikuwa limeziba kabisa, na la kulia likaanza kulifuata. Alilala ameegemea mito kama mgonjwa wa moyo, kinywa wazi, na kuamka ulimi umekauka kama karatasi. Kazini, mvuke wa mashine za pasi ulimbana hadi akaona giza. Siku moja alianguka. Mama Vifungo, mwenzake aliyeshonea mavazi ya wahudumu vifungo vilivyokatika, ndiye aliyemdaka kabla kichwa hakijagusa bamba la moto.

"Nenda katibiwe," alisema msimamizi. "Ukinifia juu ya mashuka ya watu nitawaeleza nini wenyewe?"

Daktari wa pua alikuwa mtu wa maneno machache na mikono ya baridi. Alichungulia kwa taa ndogo, akatikisa kichwa, akamchorea.

"Ukuta unaogawa pua yako kwa ndani umelala upande mmoja. Umebakiwa na ufa tu. Huo mluzi ni hewa inayojipenyeza kwenye ufa."

"Ukinyoosha ndani, nje itabaki ilivyo?"

"Haitabaki ilivyo kabisa. Mfupa na ukuta vimepinda pamoja. Nitalazimika kuusogeza mfupa katikati, la sivyo ukuta utarudi ulikotoka." Akaweka kalamu juu ya kinundu alichokichora. "Hiki ni habari nyingine. Hakikuzuii kupumua. Nikikisugua kikaisha, ni kwa ajili ya kioo tu. Kafikirie, kisha uniambie."

Alimweleza na mengine, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulaumiwa na wagonjwa wasiosikiliza. Hakuna anayetoka na pua aliyoichora kichwani mwake. Ncha inaweza kufa ganzi kwa miezi, harufu zikapotea na kurudi, sauti ikabadilika kidogo. Wengine hupumua vizuri, wengine nafuu tu, na wachache hulazimika kurudi kupasuliwa tena.

Filimbi alisikia yote, lakini aliondoka akiwaza kinundu tu. Katika kila picha ya wafanyakazi alikuwa amesimama nyuma, ameugeuza uso. Hakuwahi kuutazama uso wake kutoka mbele kwa muda unaozidi wa kuosha meno. Sasa mtu alikuwa amemwambia, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba jambo lile lingeweza kuwa vingine, na kwamba uamuzi ulikuwa wake.

Jioni ile alimwambia mama kwamba anakwenda kutibiwa pua.

"Pua ipi?" mama akauliza, kidole gumba kikiwa kimetulia juu ya kinundu. "Hii? Hii si nilikwisha kuitibu mimi?"

Filimbi alicheka, akaubusu mkono ule. Aliporudi kwa daktari alisema neno moja: "Kitoe."

Alizinduka kutoka nusu kaputi akihema kwa kinywa. Ndani ya pua mlikuwa na vibao vidogo vya plastiki, nje plasta ngumu, na chini ya macho uvimbe wa rangi ya zambarau. Mama Vifungo alipokuja kumwona alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Shoga, umepigana na nani? Na yeye amelazwa wodi gani?"

"Usinichekeshe, inauma."

Masharti yalikuwa mengi. Asipenge. Akitaka kupiga chafya afungue kinywa. Alale ameinua kichwa, asiiname, asinyanyue vizito, asikaribie mvuke. Na kwa majuma kadhaa, hata plasta ikitoka, mtu yeyote asiiguse pua ile.

"Hata mama yangu?"

"Hasa mama yako," daktari alisema. "Kina mama hawawezi kutazama bila kushika."

Basi hakwenda. Aliujua mkono wa mama. Angeuzuia vipi bila kumvunja moyo? Alimtuma wifi aseme kwamba anaumwa kidogo na atakuja. Baadaye sana ndipo alipoona kwamba angeweza kwenda tu, akakaa, akaishika mikono yote miwili ya mama mapajani pake, wakazungumza, ili mama ayasikie mabadiliko yakija taratibu. Halikumjia akilini. Katika familia yao mtu aliyekatazwa kugusa alikaa mbali, na yeye alilitii agizo la daktari kwa uaminifu uleule aliokunjia mashuka.

Siku vibao vilipotolewa, hewa iliingia baridi mpaka nyuma ya paji la uso. Alinusa sabuni kwenye mikono ya daktari. Alilia, na daktari, kwa kuwa alilizoea jambo hilo, akampa kitambaa na kumwonya asipenge. Kwenye kioo aliona pua pana, iliyovimba bado, lakini imesimama katikati ya uso wake. "Hiyo siyo yenyewe bado," daktari alisema. "Uvimbe wa ncha huchukua hata mwaka." Yeye aliiona nzuri.

Marufuku ya kugusa ilipokwisha alivaa gauni lake la kutokea, akaenda kwa kaka. Koridoni hakukuwa na sauti. Mama alikuwa kitini karibu na dirisha, kichwa kimeelekea kwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama. Filimbi wako."

Mama alitabasamu, tabasamu la kupokelea wageni. Akanyoosha mkono. Kidole gumba kikaanzia katikati ya nyusi, kikashuka moja kwa moja. Kikarudi juu, kikashuka tena polepole, kama mtu aliyefika nyumba anayoijua akaukuta mlango hauko ulipokuwa. Kikapapasa kushoto. Kisha mkono ukajiondoa wenyewe.

"Una pua nzuri," mama alisema kwa upole. "Wewe si wangu. Wangu nilimharibu mimi."

"Mama, wamenitibu."

"Wangu hasemi hivyo. Wangu ana mafua ya kudumu."

Wifi aliingia kati. "Mama, ni yeye, alifanyiwa operesheni. Nakuapia."

"Mnanidanganya kwa sababu sioni!" Sauti ikapanda, mikono ikaanza kutafuta hewani. "Mmempeleka wapi? Mwanangu mmempeleka wapi?"

Alimwita mpaka sauti ikakauka. Mwanawe alikuwa amepiga magoti mbele yake, akipumua kwa matundu yote mawili.

Alirudi kwa daktari.

"Kile kinundu," alisema. "Unaweza kukirudisha?"

Daktari aliikagua pua kwa taa yake ndogo. "Uvimbe ukiisha kabisa, naweza kupandikiza kipande cha gegedu, yaani mfupa laini. Lakini itakuwa pua nyingine tena, dada. Ile sina namna ya kuirudisha." Akaongeza, bila kulaumu, "Nilikuuliza."

"Uliniuliza," alikubali.

Mpindo na mluzi vingeondoka kwa vyovyote, ili apumue. Kinundu kingeweza kubaki. Kidole kingeanza nacho, kikasita, kikauliza, naye angejibu. Hilo ndilo alilolala nalo, chali, kinywa kimefumbwa, usingizi wenyewe haupo.

Siku moja alijaribu hila. Alisimama koridoni, akaliminya tundu la kushoto kwa kidole na kuvuta pumzi mpaka mluzi ukatoka, hafifu. Mama akakaa sawa kitini, uso wote ukawaka. "Huyo anakuja!" Mkono ukanyooka. Filimbi akapiga magoti mbio mbio, bado ameminya, na kidole gumba kikakutana na mfupa ulionyooka na kidole cha mtu kando yake.

"Usimwigize mwanangu," mama alisema. "Kilema kile nilimpa mimi. Usimcheke nacho."

Hakujaribu tena. Kiwandani wanaendelea kumwita Filimbi, na wafanyakazi wapya huuliza sababu. Mama Vifungo hushtuka kumkuta nyuma yake. "Siku hizi unatembea kama mzimu," husema, kisha hujutia kauli yake.

Kila akitoka kazini hupitia kwa kaka. Mama amemzoea. Humwita binti wa pasi, kwa harufu ya mashuka iliyo kwenye nguo zake, na humpenda kiasi.

"Mwanangu naye anapiga pasi," humwambia. "Hukutani naye huko?"

"Nakutana naye, mama."

"Mbona haji?"

Hapo binti wa pasi huyashughulikia mablanketi.

"Basi mwambie aje," mama husema. "Mwambie sitaishika kwa nguvu. Nitaigusa tu, nijue ni yeye."

"Nitamwambia."

Mama hugeuza sikio kuelekea koridoni, akasikiliza. Binti wa pasi hukaa pembeni yake, na hewa huingia na kutoka puani mwake pasipo sauti yoyote.